Nairobi mpaka New York: tiketi inaonyesha masaa 7, mbona unakaa kwenye kiti masaa 15?

Desemba 2018 mama alikuwa anajiandaa kutoka kwetu Dar kupitia Nairobi kwenda New Jersey, jirani na New York, kwa dada, dada kajifungua na mama kasema mjukuu wake hawezi kuishia kumwona kwenye simu lazima ambebe, basi tiketi ikaja kwenye imeli, nikaiprinti stesheneri pale mtaani nikampelekea. Mama akavaa miwani akaisoma mstari kwa mstari, afu akaniuliza: "Mwanangu, hapa naona naondoka Nairobi 23:25 nafika New York 06:25. Hayo masaa saba. Kurudi naondoka 12:25 nafika Nairobi 10:55 ya kesho yake, hayo masaa ishirini na mbili na nusu. Kwani kurudi tunapita wapi?"

Nikamwambia ni tofauti ya saa tu mama. Akasema tofauti ya saa anaijua, dada akiamka kule huku jioni imeshaingia, ila ndege ile ile, njia ile ile, sasa masaa yenyewe hasa atakayokaa kwenye kile kiti ni mangapi? Mama ana goti linalomsumbua, kwa hiyo swali lilikuwa na uzito wake. Nikaingia Google kutafuta jibu nikatoka nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyoingia. Sehemu moja imeandikwa 11,840, nyingine 7,355, nyingine 6,390, masaa napo huku 13, huku 14 na nusu, kule 15. Nilikaa na zile namba jioni nzima mpaka zikakaa sawa kichwani, na tangu siku ile kila ndugu akipata tiketi ya mbali ananitumia nimsomee, ndo maana leo naandika yote sehemu moja.

Tuanze na umbali maana huo ndo rahisi. Zile namba tatu za mwanzo ni umbali mmoja. 11,840 ni kilomita, 7,355 ni maili za nchi kavu zile wanazotumia Wamarekani barabarani, na 6,390 ni maili za baharini ambazo marubani na manahodha ndo wanazitumia mpaka leo. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609, ya baharini ni kilomita 1.852, basi. Tatizo ni kwamba tovuti nyingi zinaandika "maili" bila kusema maili gani, mtu anaona tofauti ya karibu elfu moja anadhani mmoja kakosea kumbe wote wako sahihi.

Ila huo umbali umepimwaje? Hapo ndo utamu. Chukua ramani ile ya ukutani ya darasani, weka rula kutoka Nairobi mpaka New York, chora mstari. Mstari wako utakata kaskazini mwa Kongo, utapita Nigeria, Burkina Faso, Mali, utatokea Mauritania ndo uingie baharini. Unaonekana mfupi kabisa, umenyooka. Lakini ule mstari ni kama kilomita 12,180, yaani umezidi njia fupi kwa kilomita zaidi ya 300, kwa sababu dunia ni duara na ile ramani imelazimishwa kulala bapa, na ukilaza kitu cha duara lazima sehemu zingine zivutike. Kadiri unavyokwenda kaskazini ndo inavyozidi kuvutika.

Njia fupi ya kweli ukitaka kuiona chukua mpira, weka alama mbili, vuta uzi kati ya hizo alama mpaka ukaze. Pale uzi ulipolala ndo njia fupi, na ukiirudisha kwenye ramani ya ukutani inaonekana imepinda kama upinde kuelekea kaskazini. Kwa Nairobi na New York upinde huo unapita hivi: unaondoka Nairobi kuelekea kaskazini magharibi, unapita jirani na Mlima Elgon, unaingia Sudan Kusini, unagusa pembeni mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, unakata Chad, kona ya Niger, halafu jangwa lote la Algeria, unaingia Moroko na kuiacha Afrika kwenye pwani ya maeneo ya mji wa Safi, ndo Atlantiki sasa. Katikati ya maji unapita karibu na visiwa vya Azores vya Ureno, unaendelea kupanda kidogo mpaka latitudo ya 42, afu unaanza kushuka, yaani New York unaijia kwa juu upande wa kisiwa cha Nantucket, siyo kwa chini. Mama nilipomwambia atapita juu ya Moroko alishangaa sana, yeye kwenye akili yake Marekani iko kushoto tu, unanyoosha.

Sasa huo uzi ni wa hesabu, ndege haifuati uzi. Inafuata njia za angani zilizopangwa, inakwepa mawingu makubwa ya mvua ya pale katikati ya Afrika, na inakwepa nchi ambazo anga yake imefungwa. Hili la mwisho siyo dogo. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023 anga yake ilifungwa, na Agosti mwaka huo huo Niger nayo ikafunga ya kwake baada ya mapinduzi, ikaja kuifungua Septemba. Angalia ule upinde niliouchora hapo juu uone Niger iko wapi na Sudan iko wapi. Njia inayopita pale ikizibwa inabidi izungushwe, na kuzunguka ni mafuta na ni dakika. Kwa hiyo ukisoma kilomita 11,840 jua hiyo ndo chini kabisa, ndege yenyewe kila siku inaruka zaidi kidogo, na siku zingine zaidi ya kidogo.

Haya, masaa. Shirika la Kenya Airways lilianza hii safari isiyotua njiani tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787 Dreamliner, na Dreamliner ikishakaa sawa juu kule inakwenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,840 kwa 900 unapata masaa 13 na dakika chache. Hilo ndo lile "masaa 13" la Google, ni kompyuta imegawanya tu, haijui upepo, haijui foleni. Kwa kawaida abiria wa ndege hiyo anakaa zaidi ya hapo.

Kwanza masaa ya kwenye tiketi hayahesabiwi tangu ndege inapoacha ardhi. Yanahesabiwa tangu inapoondoka pale ilipopaki, vile vigingi vya kuzuia matairi vikishatolewa, mpaka inapopaki kule na vigingi kuwekwa. Katikati hapo kuna kusukumwa nyuma, kutembea taratibu mpaka kwenye njia ya kurukia, kupanga foleni, na JFK, uwanja wa New York, foleni ni ya kweli kweli, halafu kupanda mpaka juu ambako spidi bado ndogo, na mwisho kushuka na kuzungushwa kusubiri zamu ya kutua. Mashirika pia yanaweka dakika za akiba ili kuchelewa kidogo kusihesabike kuchelewa. Ndo maana kuna siku rubani anatangaza tumefika nusu saa kabla na watu wanafurahi, kumbe ile nusu saa ilikuwa imeshawekwa ndani ya ratiba.

Pili, upepo. Hapa watu wa pwani tusipate shida kabisa kuelewa maana babu zetu waliishi kwa hilo. Kaskazi inavuma inaleta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikigeuka inayarudisha, na nahodha aliyelazimisha kwenda kinyume cha msimu alikuwa anajitafutia shida. Huko juu ambako ndege zinaruka, kilomita 9 mpaka 12 kutoka chini, kuna mto wa upepo unaokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki karibu mwaka mzima, na spidi yake mara nyingi inazidi kilomita 160 kwa saa, siku zingine inapita 300. Unatokana na joto la huku kwetu ikweta na baridi ya ncha ya dunia kukutana, pamoja na mzunguko wa dunia kuupinda, na baridi ya kule ikikolea, Desemba mpaka Februari, ndo unakaza zaidi. Ndege ikienda magharibi unaipiga usoni, ikirudi mashariki unaisukuma mgongoni. Ndege yenyewe haijui, spidi yake ndani ya hewa ni ile ile, ila hewa yenyewe inatembea. Februari 2020 wakati wa kimbunga Ciara ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, kwa ardhi ilikuwa inakwenda zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa, na hiyo ni ndege ya kawaida ya abiria, upepo tu ndo uliibeba.

Kuna swali nimeulizwa si mara moja, na aliyeliuliza vizuri ni binamu yangu wa Muheza: dunia si inazunguka kuelekea mashariki, na pale ikweta inakwenda kilomita 1,670 kwa saa, sasa ndege ikienda magharibi si New York inaijia yenyewe? Safari ya kwenda si ndo ingekuwa fupi? Hili linasumbua wengi na wala siyo swali la kuchekwa. Jibu liko kwenye basi. Ukiwa ndani ya basi limekolea spidi, rusha chungwa juu, linarudi mkononi mwako, halirudi kumgonga abiria wa siti ya nyuma, kwa sababu wewe, chungwa na hewa ya ndani ya basi vyote vinakwenda pamoja. Hewa yote iliyoizunguka dunia inazunguka na dunia, na ndege imo ndani ya hiyo hewa, iko kama lile chungwa. Kinachobaki kuleta tofauti ni ile hewa inapotembea zaidi au pungufu kuliko ardhi, na hiyo ndo tunaita upepo.

Sasa ukisikia haya unaweza kutegemea tofauti kubwa sana kati ya kwenda na kurudi, lakini kwa safari ya mama tofauti ilikuwa nusu saa tu. London na New York ni kilomita 5,540 hivi, siyo hata nusu ya safari yetu, na tofauti yake huwa kama saa nzima. Nilihangaika kidogo na hili. Sababu ni ule upinde tena: karibu nusu ya safari ya Nairobi iko juu ya Afrika, na mwanzo wake wote uko karibu na ikweta ambako huo mto wa upepo haupo kabisa au ni dhaifu. Unakutana nao kuanzia Sahara kwenda juu na kwenye Atlantiki. London na New York zote zimekaa kwenye njia yake moja kwa moja. Halafu wapanga safari nao si watu wa kulala, kila siku wanaangalia utabiri wa upepo wanachagua njia, ya kwenda inakwepa upepo na ya kurudi inautafuta.

Sasa turudi kwenye tiketi ya mama, 23:25 mpaka 06:25.

Sisi Afrika Mashariki tuko masaa matatu mbele ya saa ya Greenwich na hatusogezi saa kamwe. New York wao wanasogeza. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba wako nyuma yetu masaa 7, miezi iliyobaki ya baridi wako nyuma masaa 8. Mama alikuwa anasafiri Desemba, kwa hiyo ni 8. Akiondoka Nairobi 23:25, saa ya ukutani New York inasema 15:25, mchana wa siku ile ile. Anafika 06:25. Kutoka 15:25 mpaka 06:25 ni masaa 15 kamili. Kurudi anaondoka 12:25, kwetu ni 20:25 usiku, anafika 10:55, masaa 14 na nusu. Hayo ndo masaa ya kiti. Hiyo ndo siri yote, badili saa zote mbili ziwe za mji mmoja kwanza ndo utoe, usitoe saa ya New York kutoka kwenye saa ya Nairobi, ni kama kutoa shilingi kwenye dola.

Ila angalia hapa maana nilijikwaa mwenyewe. Ndege ya kwanza iliondoka tarehe 28 Oktoba, na Wamarekani mwaka ule walirudisha saa tarehe 4 Novemba, yaani wiki moja baadaye. Ukichukua ratiba hiyo hiyo ukaipigia hesabu kwa tofauti ya wiki ile ya uzinduzi, masaa 7, unapata kwenda masaa 14 na kurudi 15 na nusu, kinyume kabisa! Ungesema upepo umegeuka. Ratiba haikubadilika hata dakika moja, ni saa za Marekani zilizosogea. Kwa hiyo ukikuta mahali pamoja wanasema kwenda ndo ndefu na pengine wanasema kurudi ndo ndefu, kabla hujabishana uliza tarehe.

Na kama tarehe za kusogeza saa zinakuchosha kuna ujanja mmoja ambao niliupata kwa bahati tu nikichezea kalamu, na naupenda sana. Chukua masaa ya uongo ya kwenda, yale 7, jumlisha na masaa ya uongo ya kurudi, yale 22 na nusu. Unapata 29 na nusu. Gawa kwa mbili: 14 na dakika 45. Huo ni wastani wa kweli wa safari moja, na hujahitaji kujua tofauti ya saa kabisa! Inakubali kwa sababu masaa uliyoyapata bure ukienda unayalipa ukirudi, yanafutana. Sharti ni moja tu, saa za kule zisiwe zimesogezwa kati ya kwenda na kurudi.

Halafu kuna hili letu wenyewe waswahili, na nadhani ndo lina madhara kuliko yote. Angalia tiketi ya mama: kufika 06:25, kuondoka kurudi 12:25. Kwa saa zetu 06:25 ya asubuhi ni saa kumi na mbili na dakika 25, na 12:25 ya mchana ni saa sita na dakika 25. Yaani namba zimebadilishana viti kabisa! Mama alikuwa ameshamwambia dada kwenye simu "nafika saa sita na dakika 25" na dada kule kaishi miaka tisa, anahesabu kizungu, akaelewa 6:25 sahihi kabisa, kwa hiyo wote wawili walikuwa wanaongea vitu tofauti na wakaelewana kwa bahati. Ingekuwa mama kasoma vile siku ya kurudi, angefikiri 12:25 ni saa kumi na mbili ya jioni, angefika eapoti ndege iko Atlantiki.

Siyo kwamba nakuza. Jirani yetu aliandikiwa ujumbe na wakala mmoja wa tiketi hapa mjini, "ndege yako kesho 4:40", hakuna alfajiri, hakuna sifuri mbele. Yule mama mtu mzima akajipanga kwa saa nne na dakika 40 asubuhi, akafika eapoti saa mbili na mabegi yake, ndege ilikuwa imeondoka saa kumi na dakika 40 alfajiri. Tiketi ilipotea na hela ya kununua nyingine ilichangwa na familia. Ndo maana mimi siku hizi nikimsomea mtu tiketi namwandikia kwa maneno, "saa tano na dakika 25 usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, uwe eapoti saa mbili usiku". Na ile alama ndogo ya +1 pembeni ya saa ya kufika maana yake ni kesho yake, wengi hawaioni.

Kuna jambo lingine linaloamua muda wa safari ambalo abiria halioni kabisa, nalo ni kimo cha Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko kama mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, JFK iko mita 4 tu, karibu sawa na maji. Hewa ya juu ni nyepesi, na ndege inaishi kwa hewa: mbawa zinashikilia hewa, injini zinakula hewa. Hewa ikiwa nyepesi ndege inahitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuruka, na kuna uzito ambao haiwezi kuuzidisha hata njia iwe ndefu kama ile ya Nairobi yenye kilomita 4 na ushee. Joto nalo linaifanya hewa iwe nyepesi zaidi, kwa hiyo kuondoka usiku wa baridi kama ile saa tano kunasaidia. Wakati wa uzinduzi Kenya Airways walisema safari hii inataka marubani wanne, wahudumu 12 na mafuta tani 85 kila upande. Tani 85! Mafuta yenyewe ni mzigo, yanachomwa mengine kwa kazi ya kubeba mafuta. Kwa hiyo kutoka Nairobi kila kilo inapigiwa hesabu, mizigo, abiria, mafuta, na safari ndo hii ambayo upepo uko usoni. Kurudi kutoka JFK ni nafuu pande zote mbili, hewa nzito na upepo mgongoni.

Addis Ababa wanalijua hili kuliko sisi, uwanja wao wa Bole uko zaidi ya mita 2,300. Kwa miaka kadhaa ndege za Ethiopian za kwenda Washington zilikuwa zinatua Dublin kuongeza mafuta, wakati za kurudi zinanyoosha mpaka Addis bila kutua. Ndege ile ile, umbali ule ule, lakini kwenda unasimama na kurudi husimami, kwa ajili ya kilima na upepo wa usoni. Na hapa uwe makini na neno "moja kwa moja" kwenye tangazo, kuna moja kwa moja ya kutobadili ndege na kuna moja kwa moja ya kutotua popote, na hivyo ni vitu viwili. Ukiuliza, uliza "inatua wapi njiani?"

Kwa sisi wa Dar hesabu inaongezeka kipande. Dar mpaka New York kwa uzi ni kama kilomita 12,440, ila hakuna ndege ya kunyoosha hivyo. Ukipitia Nairobi unaongeza kama kilomita 70 tu, yaani Nairobi iko karibu kabisa juu ya njia yako. Ukipitia Doha unakwenda kwanza kilomita 3,800 hivi kuelekea kaskazini mashariki, unaipa Marekani mgongo, afu unaruka nyingine 10,770, jumla unaongeza zaidi ya kilomita 2,000. Hata hivyo simwambii mtu asipite Doha. Masaa mengi ya safari hayaliwi na kilomita, yanaliwa na kusubiri, na unganisho la masaa mawili Doha linaweza kukufikisha mapema kuliko la masaa tisa mahali pa karibu zaidi. Ninachosema ni kwamba usiangalie kilomita peke yake wala masaa ya kuruka peke yake. Mama aliondoka nyumbani saa saba mchana, na alivuka mlango wa dada saa tatu asubuhi ya kule, ambayo kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni ya kesho yake. Masaa 28. Ndege ya Atlantiki ilichukua 15, mengine yote yalikuwa ni teksi, foleni, ndege ya Dar mpaka Nairobi, kusubiri Nairobi, uhamiaji na barabara ya kwenda New Jersey. Ukimpangia mzee dawa au insulini, panga kwa hayo 28 kwa saa za nyumbani, siyo kwa saa za kwenye tiketi.

Kitu ambacho sikumwandaa nacho ni giza, kwa sababu hata mimi sikukifikiria. Jua lilimzamia Nairobi saa kumi na mbili na nusu jioni. Wakaruka kuelekea magharibi, na ndege inayokwenda magharibi inakimbia pamoja na usiku mbele kwa mbele, mapambazuko yanaifuata kwa nyuma yanashindwa kuifikia haraka. Kule New York Desemba jua linatoka saa moja na robo asubuhi yao, ambayo ni saa tisa na robo alasiri ya kwetu. Yaani kutoka jua kuzama mpaka kuliona tena mama alikaa karibu masaa 21 ya usiku mmoja. Alinisimulia kwamba aliamka, akaangalia saa yake ya mkononi ambayo hakuibadilisha ikasema saa mbili asubuhi, akafungua kipazia cha dirisha akaona giza totoro, akakifunga, akasoma uradi, akafungua tena, giza. Alikuwa na wasiwasi na swala ya alfajiri, kama imempita au bado, mpaka akamuuliza kijana wa siti ya pembeni, wakakubaliana waangalie nje na siyo saa. Weupe ulianza kuonekana nyuma ya bawa wakiwa wamekaribia pwani ya Marekani, akaswali amekaa pale pale kitini. Walitua jua halijatoka bado.

Kurudi mwezi wa pili ilikuwa kinyume, usiku haukufika hata masaa kumi, alisema alikula chakula cha jioni akasinzia kidogo, alipofungua kipazia jua lilikuwa limejaa dirishani na chini kuna kijani. Nikamuuliza goti vipi. Akasema goti lilisumbua kwenda, kurudi hapana, na kwamba ile nusu saa aliisikia.